Mikono Nyuma

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Si woga, la hasha. Jina lake lilipelekwa wizarani kufanyiwa marekebisho na mpaka leo halijarudi. Wale wasomaji wenye tabia ya kugusana viwiko na kunong'ona "kumbe ni kwetu hapa!" nawaomba waache mara moja. Kwenu kuna utaratibu. Kwetu kulikuwa na Wizara ya Mwendo, na waziri wake hakuwahi kufika popote kwa wakati.

Mimi naitwa Mfaume. Nilikuwa dereva wa gari la matangazo la kata, lile lenye vipaza sauti viwili vilivyofungwa juu kwa waya, na nilikuwa pia msomaji wa matangazo yenyewe, kwa kuwa Serikali yetu ilikuwa inabana matumizi. Jambo lolote ambalo Serikali ilitaka Mtaa wa Mwinuko ulijue lilipita kinywani mwangu kwanza. Nina sauti nzuri, sitajinyima sifa hiyo. Hata nilipotangaza kwamba maji yatakatika, kina mama walikuwa wakisema, "Lakini mzee huyu anasoma!"

Gari lenyewe lilikuwa la gia za mkono, lile ambalo sisi huliita manyuo: klachi, gia, na dereva anayejua la kufanya. Ubovu wake ulikuwa mmoja. Kanuni ilitaka injini izimwe wakati wa kusoma, ili maneno ya Serikali yasichanganyike na moshi, na wakati huo vipaza sauti vilikuwa vinainyonya betri. Kwa hiyo kila nilipomaliza tangazo, gari halikuwaka. Nilikuwa natoa kichwa dirishani na kusema neno moja tu: "Jamani!"

Basi watu walikuja. Muuza nyama alikuja na mikono yake yenye mafuta. Fundi Kombo, mshonaji, alikuja na tepu yake shingoni. Mama mwenye ndoo kichwani aliitua ndoo. Mtu mmoja, na kila mara alikuwa mwingine, alihesabu "moja, mbili, tatu!", wakasukuma, nami nikatia gia ya pili, nikaachia klachi, gari likaruka kama mbuzi na kuwaka. Kwetu mtu aliyesukumiwa gari hashukuru kwa mdomo; ukishukuru unaonekana unajitenga na watu. Unapiga honi mara mbili tu, nao wanapangusa viganja na kurudi kwenye shughuli zao.

Nilikuwa na mtoto mmoja, Siwema. Mama yake alishatangulia mbele ya haki, na mume wa Siwema alikuwa mbali, machimboni. Siwema alikuwa na mimba yake ya kwanza, na daktari wa hospitali ya ng'ambo ya bonde alituambia waziwazi kwamba mtoto amelala kwa kukingama tumboni: uchungu ukianza aletwe haraka apasuliwe, tusithubutu kumzalisha nyumbani. Jirani yetu Bi Nyamizi, mwenye teksi pekee ya mtaa, nayo manyuo na nayo haina betri ya maana, alimshika mkono Siwema akamwambia, "Mwanangu, uchungu ukikuanza wewe piga kelele tu. Mtaa mzima utanisukuma." Baada ya ahadi ile nilipata usingizi. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni nini kilichokuwa kinanitia wasiwasi, maana mambo mengine yote ya hadithi hii ni ya kufurahisha.

*

Mambo yalianza siku Mheshimiwa Dereva Mkuu wa Taifa alipopita mtaani kwetu kwenda kuzindua kituo cha mabasi alichokwisha kukizindua mwaka uliotangulia. Msafara wake ulitukuta katikati ya barabara tunaisukuma teksi ya Bi Nyamizi. Mheshimiwa, kwa huruma yake, aliteremsha kioo akatupungia mkono. Hakuna aliyempungia. Mikono yetu ilikuwa kwenye gari.

Ubaya zaidi, tulikuwa tunacheka. Fundi Kombo alikuwa ameteleza akakaa chini, watu wakaangua kicheko huku wanasukuma, mtu akaita "moja, mbili, tatu!", na teksi ikawaka mbele ya macho ya Taifa. Inasemekana Mheshimiwa alipandisha kioo, akauliza swali moja tu.

"Aliyekuwa anahesabu ni nani?"

Watu wa usalama walikuja kumtafuta aliyehesabu. Walituhoji mmoja mmoja. Wa kwanza alisema hakumbuki. Wa pili alisema labda ni yeye mwenyewe. Wa tatu alisema huwa anahesabu yeyote ambaye siku hiyo hana pumzi ya kusukuma. Taarifa iliyokwenda juu, kama nilivyokuja kusikia, iliitia Serikali hofu kuliko jaribio lolote la mapinduzi. Ilisema kwamba katika Mtaa wa Mwinuko watu hukusanyika bila mwaliko, bila mwenyekiti na bila mgeni rasmi, huelekea upande mmoja kwa nguvu moja, hufanikiwa, kisha hutawanyika bila hata kupigwa mabomu ya machozi.

Kamati ya wataalamu ikakaa hotelini msimu mzima wa mvua kuchunguza chanzo. Iligundua kwamba tatizo si watu, maana watu hawawezi kubadilishwa kwa bajeti iliyopo. Tatizo ni giaboksi. Gari la manyuo, betri ikifa, huwashwa kwa kusukumwa. Gari la otomatiki halikubali. Hata lisukumwe na wilaya nzima, halitawaka. "Ni gari lenye nidhamu," ilisema kamati. "Halipokei msaada kutoka kwa mtu asiyehusika."

Waziri wa Mwendo, Mheshimiwa Dokta Kisarika, alilifafanulia taifa jambo hili redioni, nami nikaagizwa niifungulie hotuba yake kwenye vipaza sauti, yote, bila kuruka makofi.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "gari la otomatiki lina pedali mbili. Raia ana miguu miwili. Mnauona huo ulinganifu? Sasa, gari la manyuo lina pedali tatu. Nauliza, na nataka jibu la kizalendo: pedali ya tatu ni ya mguu wa nani?" Makofi. "Miaka yote hii, ndugu zangu, ndani ya kila gari la nchi hii kumeachwa nafasi wazi kwa ajili ya mguu wa adui. Leo tunaiziba! Na tena, manyuo linamzoesha mtu kujichagulia gia. Leo anajichagulia gia. Kesho atataka kujichagulia nini?"

Hapo makofi yaliendelea mpaka muda wa kipindi ukaisha. Nami nilipiga makofi, peke yangu, ndani ya gari la manyuo.

*

Sheria yenyewe niliisoma siku ya soko, gari likiwa limesimama mbele ya bucha. Pembeni yangu alikaa Sajenti Ngwali, askari mnene mwenye adabu, aliyeletwa kusimamia utekelezaji. Nilisoma vizuri sana.

"Kuanzia leo, watu zaidi ya wanne hawaruhusiwi kukusanyika kwenye gari lililozimika, wala kwa shughuli nyingine yoyote ya kusaidiana isiyo na kibali. Mwananchi akiona gari limezimika, atasimama hapohapo alipo, ataweka mikono yake nyuma, na atasubiri huduma iliyoidhinishwa."

Nilirudia kwa ajili ya wazee wasiosikia vizuri, na kwa kurudia huko betri ikamalizika kabisa.

Nikageuza ufunguo. Gari likatoa mlio wa mtu anayemeza mate. Soko zima lilikuwa limesimama linanitazama, na polepole, mmoja baada ya mwingine, watu wakaweka mikono nyuma.

"Afande," nikamwambia Sajenti, "hili haliwaki bila kusukumwa."

"Na kata ya pili wanasubiri tangazo?"

"Wanasubiri. Wenzetu kule bado wanasukumana, hawajaambiwa."

Sajenti alifikiri mpaka jasho likamtoka. Akateua watu wanne, kama sheria inavyotaka. Mtaa wetu uko mlimani. Wanne wale walisukuma, gari likawarudia, wakalikwepa. Akateua wanne wengine, akachora mstari wa chaki kutoka katikati ya boneti mpaka nyuma, ili yahesabike kuwa makusanyiko mawili yasiyojuana. Nayo yakashindwa, kwa sababu kila kundi lilikatazwa kufuata hesabu ya kundi jingine. Mwishowe alivua kofia, akafuta kipara, akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, nisaidieni. Nitafukuzwa kazi."

Lile "jamani" lilitosha. Walikuja wote, na Bi Nyamizi akahesabu. Gari liliwaka, nami kwa mazoea nikapiga honi mara mbili. Sajenti aliingia garini anatabasamu, na mimi nasadiki kwamba ile ilikuwa furaha ya kweli. Halafu akakumbuka yeye ni nani. Akashuka, akaamuru watu wanyooshe viganja, na kila aliyekuwa na vumbi kiganjani akapewa onyo la kwanza na la mwisho.

Baada ya hapo magari ya manyuo yakapigwa marufuku, ukaja na Ukaguzi wa Mguu wa Kushoto. Wakaguzi walikuwa na imani kwamba dereva wa manyuo hujulikana kwa soli ya kiatu cha kushoto, iliyolika kwa kukanyaga klachi. Walisimama njia panda wakiinua miguu ya watu kama wanunuzi wa ng'ombe mnadani. Mwenye soli iliyolika alipelekwa Chuo cha Kupumzisha Mguu, na huko mguu wake wa kushoto ulifungwa kwenye ubao na kusomewa hotuba za Waziri. Fundi Kombo hajawahi kuendesha hata baiskeli, lakini cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Alirudi kutoka chuoni amehitimu na anachechemea, na suruali zote alizoshona tangu siku hiyo zilikuwa na mguu mmoja mfupi.

Teksi ya Bi Nyamizi waliikokota kwa lori. Aliomba aifute vumbi kwanza, wakamkubalia. Siwema alikuwa mlangoni kwetu, mikono tumboni, anatazama.

"Baba," akaniuliza, "sasa mimi nitapelekwa na nani?"

"Na Serikali," nikamjibu.

Sikumdanganya. Juma lilelile nilikabidhiwa gari jipya, jeupe, la otomatiki, pedali mbili. Ubavuni liliandikwa GARI LA MATANGAZO NA WAGONJWA, kwa kuwa Serikali ilikuwa bado inabana matumizi. Vipaza sauti sasa vilikuwa vinne. Niliuliza kuhusu betri, nikajibiwa kwamba betri ya otomatiki haifi, kwa sababu hakuna wa kuifufua. Nilimpandisha Siwema siti ya nyuma, nikamwambia ajilaze tuone kama anaenea, nikamzungusha mtaa mzima. Alicheka njia nzima, tumbo linatikisika. Nilikuwa na furaha siku ile, na sioni haja ya kuificha.

*

Kikabaki kitu kimoja kinachoisumbua Serikali. Watu hawasukumi, sawa. Lakini je, hawasukumi kwa kupenda? Likaja agizo la Majaribio ya Utii. Nilitakiwa niegeshe gari mahali, nizime, nitoe kichwa dirishani na kuwaita watu kwa sauti yangu ileile ya zamani. Raia mwema angesimama na kuweka mikono nyuma. Raia mbaya angekuja mbio kusaidia, na angewakuta askari nyuma ya ukuta wa bucha.

"Kwa nini niite mimi?" nilimwuliza Sajenti Ngwali.

"Wewe ukiita wanakuja, mzee wangu. Mimi nikiita wanakimbia."

Jaribio la kwanza nilisema tu "Jamani!" Wakaja wengi, wakachukuliwa wengi, wakarudi baadaye wamekuwa wapole. Jaribio la pili walikuja wachache. La tatu hakuja mtu, nami nikapongezwa. Lakini Sajenti akasema wizara haijaridhika, kwani kuliacha gari ni rahisi. Maneno yaongezwe uzito. Nikaagizwa niseme nina mgonjwa. Nikasema nina mgonjwa. Nikaagizwa niseme kwa uchungu zaidi. Nimekwisha kueleza kwamba sauti yangu ni nzuri.

"Jamani! Nina mama mjamzito humu ndani, anakufa!"

Mtaa ulitulia. Watu walisimama milangoni, mikono nyuma, macho chini. Kisha mlango mmoja ukafunguka kwa kishindo na Bi Nyamizi akatoka mbio bila viatu, kanga inamdondoka, anapiga kelele, "Siwema! Siwema mwanangu, nakuja!" Alifika garini akafungua mlango wa nyuma kwa mkono wake mwenyewe. Siti ilikuwa tupu.

Askari walitokea. Aliwatazama, kisha akanitazama mimi. Sikuwa na tangazo lolote la kusoma.

"Sauti ilikuwa yako, kaka Mfaume," alisema, bila hasira, na akawanyooshea mikono wamfunge.

Nyumbani nilimweleza Siwema kwamba lilikuwa zoezi tu la kitaifa, na kwamba Bi Nyamizi akionyesha kujuta atarudi mapema. Siwema alikisogeza chakula pembeni.

"Baba, yule alikuwa anakuja kwangu."

"Gari tunalo," nikamwambia. "Tena jipya."

Alinyanyuka akaenda kulala na njaa yake. Mimi nilikula.

*

Uchungu ulimwanza asubuhi, jua limeshachomoza. Nilikuwa nimeegesha mbele ya nyumba yangu mwenyewe, injini nimezima, nasoma masharti ya Shindano la Mtaa Mtulivu, tangazo refu kuliko yote niliyowahi kupewa. Lilikuwa na utangulizi wa Waziri, wa katibu wake, na wa katibu wa katibu. Nilikuwa nimefika kwenye shukrani za awali Siwema alipotokea mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Baba. Tayari."

Nilimlaza siti ya nyuma. Alikuwa ameuma upindo wa kanga na jasho linamtiririka. Nikakaa kwenye usukani, nikageuza ufunguo. Taa zote za dashibodi ziliwaka kama harusi, kisha ikasikika *tik*. Nikageuza tena. *Tik*. Nikataka angalau liserereke kwenye mteremko, lakini mkono wa gia uligoma kutoka mahali pa kuegesha. Gari lile haliachii hata magurudumu yake bila idhini ya betri. Nilipiga usukani kwa ngumi. Nilimtukana mtu mkubwa ambaye jina lake sitalitaja, kwa sababu nilizozieleza mwanzoni.

Kilichobaki kwenye betri hakikutosha kuzungusha injini. Kwa vipaza sauti kilitosha.

"Jamani!" nikasema kwenye maiki. "Jamani, ni mimi Mfaume! Siwema anajifungua, mtoto amekingama! Njooni tumbebe, jamani, tumvushe bonde!"

Niliwaona wote. Muuza nyama alitoka mlangoni pa bucha, akaweka mikono nyuma. Fundi Kombo alisimama na tepu yake shingoni, akaweka mikono nyuma. Mama mwenye ndoo aliitua ndoo, nikajua anakuja. Halafu naye akaweka mikono nyuma.

"Si jaribio!" nilipiga kelele. "Wallahi leo si jaribio!"

Maneno hayo nilikuwa nimekwisha kuyatumia. Baada ya Bi Nyamizi kuchukuliwa kulikuwa na jaribio jingine, na hilo niliagizwa nilianze kwa kuapa kwamba si jaribio. Nyuma yangu Siwema alikuwa ananiita, si kwa sauti ya mtu mzima, kwa ile ya utotoni, "Baba, baba, baba." Nilikuwa bado nimeshika maiki, na mtaa mzima ulikuwa unasikia.

Sajenti Ngwali alitokea mbio kutoka kona ya bucha. Yeye ratiba ya majaribio alikuwa anaijua, kwa hiyo yeye peke yake alijua kwamba ni kweli. Alichungulia siti ya nyuma akavua kofia.

"Wasubiri huduma iliyoidhinishwa," alisema, kwa mazoea tu. "Huduma iliyoidhinishwa ni ipi, mzee?"

"Ni gari hili," nikamwambia.

Aliitupa kofia chini. Akawageukia watu akapaaza sauti, "Njooni! Mimi mwenyewe nawaruhusu, njooni!" Hapo ndipo shaka ya mwisho ilipowatoka. Walimwona askari, walimwona ananyoosha mikono kuwaita, wakajua sasa kwa hakika kabisa kwamba ni mtego. Wengine waliingia ndani wakafunga milango, na waliobaki walisimama vizuri zaidi.

Tulimbeba sisi wawili, mimi miguuni, yeye mabegani, kwenye shuka. Mimi ni mzee na Sajenti ana pumzi fupi. Tulimweka chini mara nyingi. Tulipita mbele ya kila mlango wa mtaa ule tukiteremka bondeni, na hapakuwa na mlango ambao sikuutazama. Siwema alinyamaza tulipofika kwenye daraja, na mimi nikaanza kumsemesha mambo ya ovyo ovyo, kwamba nitamnunulia kitanda, kwamba nitamwandikia mumewe.

Hospitalini walifanya kazi yao. Siwema walimwokoa. Mtoto alikuwa wa kike, na daktari alisema kwamba tungewahi kidogo tu angelia.

*

Mtaa ulijua kwamba ilikuwa kweli pale tuliporudi na kitu kidogo kilichofungwa kitambaa cheupe. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuja kunipa pole na kuzika, wanne wanne, kwa kuwa sheria ilikuwa bado inatumika, na Sajenti Ngwali alisimama nje ya ua kuhesabu huku analia, wanne wakitoka anaruhusu wanne wengine. Waliofukia kaburi walibadilishana hivyohivyo, na kati ya wanne na wanne udongo ulikaa peke yake ukisubiri.

Fundi Kombo alikuwa katika wanne wa mwisho. Alikaa mkekani, akaupapasa mguu wake mbovu kwa muda mrefu bila kuniangalia usoni.

"Tulikusikia, kaka Mfaume," alisema. "Sote tulikusikia. Lakini sauti ilikuwa ileile."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ileile."

Nje hakukuwa na wanne wengine wanaosubiri zamu, kwa hiyo tukakaa.

Mtaa wa Mwinuko ulishinda Shindano la Mtaa Mtulivu. Kumbe asubuhi ile wakaguzi wa wizara walikuwa mtaani kwa siri, wamejibanza kwenye duka la sukari lisilo na sukari. Mheshimiwa Dokta Kisarika alikuja mwenyewe kukabidhi ngao, amechelewa kama kawaida, na hotuba yake ilikuwa na furaha nyingi.

"Nimeletewa taarifa ya jaribio gumu kupita yote katika historia ya Wizara yangu!" alisema. "Msomaji analia machozi halisi! Mwanamke anapiga kelele kama vile ni kweli! Askari anavua kofia na kuwasihi! Nauliza, ni nani aliyesogea? Hakuna! Ndugu zangu wa Mwinuko, nyinyi ni otomatiki kamili!"

Watu walitakiwa kupiga makofi. Ilichukua muda, maana mikono ilikuwa nyuma, lakini walipiga. Waziri alinipa mkono akaniambia sikuwahi kuigiza vizuri namna ile. Nilimshukuru. Bi Nyamizi bado yumo ndani. Nasikia hajaonyesha kujuta.

Siku iliyofuata, betri ikiwa imechajiwa, niliagizwa kuutangaza ushindi huo mtaani, kuanzia nyumbani kwangu. Niliegesha pale pale, nikazima injini kama kanuni inavyotaka, nikasoma tangazo lote mpaka mwisho. Sauti haikutetemeka. Niliporudisha maiki mahali pake nikageuza ufunguo, ikasikika *tik*.

Najua kwamba otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Nadhani ulikuwa mwili tu, na mazoea ya miaka mingi. Nilitoa kichwa dirishani nikasema, "Jamani."

Mtaa ulikuwa mtupu na milango imefungwa, isipokuwa wa kwangu. Siwema alikuwa amesimama pale, kanga ameifunga kifuani, na ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje tangu tumrudishe. Alikuwa amelisikiliza tangazo lote. Alinitazama, kisha akaweka mikono yake nyuma.